Usiweke Kazi ya Usiku Mzima Kwenye Faili Moja

Wewe unayekesha na laptopu hapo Bombolulu ukirenda intro ya harusi ya watu, nikuulize: stima zikipotea saa nane usiku, utaamka na nini?

Mimi niliamka mikono mitupu. Kazi ilikuwa ya sekunde 30, fremu 25 kwa sekunde, yaani fremu 750. Mashini yangu imechoka, kila fremu ilikula kama dakika moja. Piga hesabu: saa 12 na nusu. Nikaanza kabla ya saa kumi alasiri, nikaiambia Blender initolee MP4 moja kwa moja. Fremu ya 610 ikipita hivi, mtaa mzima giza. Betri ya laptopu nayo ilikufa kitambo.

Unajua kilichoniuma? Zile fremu 610 zilikuwa mle ndani, lakini sikuona hata moja. MP4 ya kawaida huandika orodha yake ya ndani mwisho kabisa, wakati faili inafungwa. Bila orodha hiyo, programu haijui picha gani inaanzia wapi. Asubuhi mamake bibi harusi akapiga simu. Nilirudisha arbuni yake, na hajanitafuta tena.

Tulaumu stima, sawa. Lakini stima hazikuchagua MP4. Nilichagua mimi.

Dawa yake ni hii: toa picha, usitoe video. Chagua PNG, kila fremu iwe faili yake. Stima zikikatika kwenye ya 610, zile 609 ziko salama. Futa ya mwisho maana huenda iliandikwa nusu, weka fremu ya kuanzia 610, endelea ulipoachia. Badala ya kupoteza saa kumi, umepoteza dakika moja.

Sasa namba. Hapa ndipo wengi tunachemsha. Usiite faili harusi_1, harusi_2. Programu nyingi husoma majina kama kamusi: baada ya harusi_1 inakuja harusi_10, halafu harusi_100, na harusi_2 iko huko nyuma. Bibi harusi anaruka kama panzi. Weka sifuri mbele: harusi_0001, harusi_0002. Kwenye Blender andika harusi_#### na itajaza yenyewe. Kila mfuatano uwe na folda yake, na usiache pengo. Ikikosekana 0412, programu inaweza kukatia hapo hapo au kuruka.

Kuziunganisha si kazi. Kwenye Premiere, chagua picha ya kwanza peke yake, kisha weka tiki kwenye "Image Sequence". Kwa FFmpeg, andika -framerate 25 -i harusi_%04d.png, hiyo %04d maana yake ni namba ya tarakimu nne. Usisahau kasi. Fremu 750 zikisomwa 30 kwa sekunde, video inaisha sekunde ya 25 na muziki bado unalia.

Utaniambia, "Bro, picha zinajaza diski." Kweli. Tuseme kila moja ni MB 3, hizo ni GB 2 na kitu. Flashi ya GB 16 inabeba bila wasiwasi. Mteja akishalipa, futa.

Mimi chuo niliacha njiani, sina cheti cha kumwonyesha mteja. Pengine hata wewe huna. Tunachouza hapa mtaani ni neno letu: tukisema kesho saa tatu, iwe saa tatu. Kipaji hakikusaidii kama kazi imekwama ndani ya faili isiyofunguka.

Kwa hivyo leo usiku, kabla hujabonyeza na kwenda kulala, angalia pale pa kuchagua aina ya faili. Kama ni MP4, badilisha. Halafu ulale.