Karamu Juu ya Paa la Mji Mkongwe

  

Ndugu zangu katika Imani, kabla khabari hii haijawafikieni kutoka kwenye baraza za kahawa, na nadhani baadhi yenu imeshawafikia, naikiri mwenyewe. Siku moja baada ya Sala ya Magharibi nilipanda ngazi za nyumba kongwe katikati ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, nyumba ambayo leo ni mkahawa wa kifakhari, nikaketi juu ya paa lake na nikala. Jina la mahali hapo sitalitaja, kwani wala si pekee, na makusudio yangu si kumshitaki mtu.

Aliyenialika ni mwenzangu niliyesoma naye Madina, mkaazi wa Muscat, ambaye babu yake alizaliwa Malindi ya Unguja. Kiswahili anakisema, tena kile cha wazee, chenye maneno ambayo vijana wetu hawayajui tena. Alikuja kuiona mitaa aliyokuwa akisimuliwa utotoni, na alitaka ale angalau mara moja ndani ya nyumba mfano wa ile ya babu yake. Alipiga simu mapema kuuliza kama chakula ni halali. Akajibiwa kuwa ni halali, kuku na mbuzi wote huchinjwa na Waislamu. Mimi nami nikaridhika na jawabu hilo, na hapo ndipo kosa langu la kwanza. Tumeifanya halali kuwa ni suala la kisu na koo la mnyama tu. Tunauliza nyama imechinjwa na nani, hatuulizi nini kingine kinatandazwa pamoja nayo.

Mlango wa nyumba ile ni katika milango ambayo wageni huja kutoka mbali kuipiga picha. Kizingiti chake cha juu kimechongwa aya ya Qur’ani kwa khati nzuri, na ufundi wake unadhihirisha kwamba aliyeuagiza hakuwa maskini. Nilisimama nikaisoma. Imam An-Nawawi, na sisi aghlabu ya watu wa pwani hii ni watu wa madhehebu ya Imam Shafi, ameeleza katika kitabu chake cha adabu za wabebaji wa Qur’ani kwamba ni makuruhu kuinakshi Qur’ani kwenye kuta. Nilipokuwa mwanafunzi nikidhani huo ni ukali wa wanavyuoni tu. Jioni ile nilielewa. Anayeichonga aya juu ya mlango wake anajua ataingia nani siku ile. Hajui nani ataingia baada ya miaka mia, na amebeba nini mkononi.

Huko juu tulivua viatu. Hapana viti wala meza ndefu; wageni huketi chini juu ya mikeka na mito, na chakula huletwa katika sahani nyingi ndogo ndogo. Mwenzangu alicheka. Akaniambia kwamba mabibi zetu walipokaa mkekani na kula kwenye sinia waliitwa washamba, na leo Mzungu analipia kukaa mkekani. Wali ulikuwa mzuri, samaki wa nazi kadhalika, ingawa kwa uadilifu nitasema kuwa pilau ya khitima yoyote ya Ng’ambo ingeliishinda ile. Bei ya watu wawili iliikaribia ada ya madrasa ya mtoto mmoja kwa mwaka mzima. Hilo niliambiwa baadaye, na mpaka leo sijui niliweke wapi moyoni.

Hatujamaliza sahani ya pili, zikaanza kupanda chupa kwenye mikeka ya jirani. Na hapo hapo ikaadhiniwa Isha.

Wenye kuujua Mji Mkongwe wanaelewa hali ya adhana pale: misikiti imesongamana, mmoja haujamaliza mwengine umeanza, na juu ya paa sauti zote hizo hukufikia kwa pamoja kutoka kila upande. Wapiga taarabu walinyamaza, na nakiri hilo lilikuwa ni adabu kwao. (Suala la ala za muziki lina mahala pake, na gazeti hili limeshalieleza.) Lakini wageni waliinuka, wakanyoosha simu zao kuirekodi adhana, mkono mmoja simu, mkono wa pili bilauri ya mvinyo. Siwalaumu. Kwao ile ni sauti nzuri ya machweo. Hakuna aliyewaambia kwamba ni wito, na kwamba wanaoitwa ni pamoja na waliowabebea bilauri zile.

Na mmoja wa waliozibeba nilikuwa namjua. Alikaa mbele yangu miaka mitano madrasani, akahifadhi Juzuu Amma na Tabaraka, sauti yake ikiwa laini kiasi kwamba wenziwe walimwita Abdulbasit. Aliponiona mara ya kwanza alinipa mkono na kunisalimia kwa furaha. Alipopita mara ya pili na sinia kuelekea kwa wale jirani, alikuwa ameifunika chupa kwa kitambaa cheupe, na uso ameugeuza upande wa bahari. Kitambaa kile kiliniuma kuliko chupa.

Nilimwambia mwenzangu tuondoke, naye hakubishana. Kwenye ngazi, ambazo katika nyumba zile ni nyembamba na kali, kijana alitukimbilia. Akasema, “Maalim, nisamehe. Lakini nataka kukuuliza, na usinifiche. Mshahara wangu ni halali?”

Ndugu zangu, masuala haya mawili, la mimi niliyekwenda na la yeye aliyeko pale, si sawa, na khatari kubwa ni kuyajumuisha.

Langu ni jepesi. Imepokewa kutoka kwa Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam), katika mapokezi ya At-Tirmidhi na wengineo, kwamba mwenye kumuamini Allah na Siku ya Mwisho asikae kwenye meza inayozungushwa ulevi. Wapo wanaosema kwamba mkeka wetu ulikuwa mbali na mkeka wao, kwa hiyo meza si moja. Nami nasema: paa lilikuwa moja, mwenye kuhudumu mmoja, na sinia lilikuwa lile lile. Ibn Qudama katika Al-Mughni ameeleza kuwa anayealikwa kwenye walima wenye munkari, akiwa anaweza kuuondosha, atahudhuria na auondoshe. Na ikiwa hawezi, hahudhurii. Je, mimi ningeliweza kuuondosha? Nilikuwa mgeni wa mgeni. Na inajulikana khabari ya Abu Ayyub Al-Ansari (Radhiya Allaahu ‘anhu), aliyealikwa nyumbani kwa Ibn Umar, akaona kuta zimevishwa pazia, akakataa kula na akarudi zake. Pazia tu! Na mwenye nyumba ni Ibn Umar! Kwa hiyo katika hili sina hoja, nina istighfari. Anayetaka kunitaja kwenye darsa lake na anitaje, lakini asisahau kutaja kwamba wito wa kwanza wa kuondoka ulitoka kwangu.

Lake ni zito. Hadithi ya Anas (Radhiya Allaahu ‘anhu) inawataja watu kumi waliolaaniwa kwa sababu ya ulevi, na miongoni mwao yumo anayeubeba na anayebebewa, anayeuza na anayekula thamani yake. Sikuweza kumwambia kijana kwamba hamo. Nilimwambia kwamba kazi ya jikoni, ya usafi, ya mapokezi na ya hisabu ina maneno ya wanavyuoni, wako wanaokaza na wako wanaolegeza, ama kubeba ulevi wenyewe na kuumimina, hapo sijaona mlango. Nikamwambia aombe kuhamishwa jikoni wakati akitafuta pengine. Akaniangalia. “Jikoni wanataka cheti cha upishi, maalim. Na nina mama na wadogo zangu wanne.”

Nililala na maneno hayo. Kwa sababu Ijumaa iliyofuata nilimsikia khatibu mmoja, Allah amhifadhi, akiwashutumu vijana wa mahotelini kwa ukali mkubwa, kwamba wameuza dini kwa bakshishi. Msikiti ule una mazulia mapya, na kila mtu katika safu ya kwanza anamjua aliyeyatoa na biashara yake iko wapi. Zulia halikutajwa kwenye khutba. Tumekuwa hodari wa kumlaani mbebaji, naye ni dhaifu kuliko wote kumi, na tukawa na haya mbele ya yule anayekula thamani. Hadithi imewataja wote kwa pamoja.

Tuje sasa kwenye nyumba zenyewe, kwani wapo ndugu zetu wanaoona kuzizungumza ni kushughulika na mawe. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu zake zikabebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti. Ni nyumba zisizostahamili kuachwa. Paa likivuja msimu mmoja wa masika bila kuzibwa, maji hushuka ndani ya ukuta, chokaa hulainika na boriti huoza kichwani. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, wenyewe wakatawanyika, na familia nne au tano zikawekwa ndani ya nyumba moja ambayo hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na uwezo wa kuitengeneza. Mamlaka ya kuuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia. Hata hivyo, tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, kasri ya Sayyid Barghash ya mwaka 1883, ilianguka na kuua watu wawili. Ikiwa nyumba mashuhuri kuliko zote imefikwa na hilo, hali ya nyumba za vichochoroni mnaikisia.

Kwa hiyo tuwe waadilifu, kama tulivyoamrishwa hata kwa tusiowapenda. Wengi wa waliokuja na fedha zao wakaziba mapaa, wakabadilisha boriti na kupaka chokaa upya walizikuta nyumba zikielekea kuanguka. Hawakutunyang’anya tulichokuwa tukikitunza. Mambo Msiige ya Shangani, jengo la katikati ya karne ya 19, tangu mwaka 2015 ni hoteli ya kifakhari. Malalamiko juu ya ujenzi wake yalikuwa mengi, na mengine yalikuwa ya haki. Lakini sikumbuki kusikia kundi lolote la matajiri wa Kiislamu lililojitokeza na kusema: tupeni sisi.

Na miongoni mwa nyumba za mji ule zimo nyumba za wakfu. Wazee wetu, wanaume kwa wanawake, waliziwekea nia: kodi ya hii iwe mafuta ya taa za msikiti, ya ile iwe kwa wanaosoma, ya nyingine iwe kwa maskini wa ukoo. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo, na jukumu lake ni kuzisimamia. Nyumba ya wakfu iliyo gofu haimlishi maskini wala haiwashi taa, na aliyeiwakifu anangojea thawabu ambazo sisi tumezikatia njia.

Wapo watakaosema: mgeni hakai pasipo ulevi, na mkahawa usiouza ulevi utafungwa mwezi wa pili. Haya ni maneno ya watu wasiotoka nje. Hoteli ya Tembo pale pwani ya Shangani, ambayo sehemu yake ni nyumba iliyokuwa ubalozi wa Marekani katika karne ya 19, ilijulikana miaka na miaka kwa kutouza ulevi, na wageni wakawa wanaijaza. Forodhani kila jioni hula mamia ya watu, mishkaki, urojo na juisi ya miwa, hapana chupa hata moja juu ya meza. Mgeni anayetaka mvinyo anao kwao, tena kwa bei nafuu. Anachokifuata kwetu ni lile paa, ule upepo, ule wali wa nazi, na, mkipenda msipende, ile adhana.

Nyumba moja tu ingelitosha kuanzia. Ikodishwe kwa njia ya halali, kutoka wakfu au kwa mwenye nyumba binafsi, ikarabatiwe kwa chokaa na si kwa saruji, paa lake liwe mkahawa, chini pawe na chumba cha kusalia, na wahudumu wapewe ruhusa ya kusali kila ikiadhiniwa. Fedha zipo. Tunaziona zikimiminwa katika magorofa ya kupangisha ya Fuoni na Mombasa, ambayo baadhi yake yanakaa bila ya mpangaji. Ujuzi upo: kijana niliyemtaja anaongea Kiingereza na Kitaliano, anajua kuipanga karamu ya watu arubaini, na hahitaji kufundishwa Al-Fatiha.

Nilimwahidi kuzungumza na wafanyabiashara watatu wa misikiti yetu, na nimezungumza nao. Wawili hawajanijibu. Wa tatu amesema wazo ni zuri na nimfuate baada ya Ramadhani. Kijana bado yuko pale pale, na kila wiki hunipigia simu mara moja, siku ya Alkhamisi, kuniuliza kuna khabari gani.