Maoni: Kabla ya kufuta kompyuta nzima, watu wa montaji waangalie draiva

Katika studio ndogo za Bukavu, Bunia, Butembo na Lubumbashi, vijana wengi wanakula kwa kazi ya montaji: video za ndoa, za matanga, za kwaya. Premiere Pro ao DaVinci Resolve ikianza kujifunga yenyewe, ao picha ikigeuka nyeusi wakati wa kutoa video, wengi wanakimbilia dawa moja: kufuta kila kitu na kuingiza Windows upya. Ni dawa kali, na mara nyingine inaondoka na picha za mteja ambazo hazikuwekwa pengine. Ndoa haipigwi video mara ya pili.

Kosa mara nyingi liko karibu zaidi. Programu hizo zinatupia kadi ya grafiki kazi nzito ya rangi na ya kutoa video. Kati ya kadi na Windows kuna programu ndogo inayopitisha amri: draiva, ambayo wenye kutumia kompyuta ya Kifaransa wanaiita piloti. Programu ya montaji ikiwa mpya na draiva ya zamani, hazisikilizani.

Kuna jaribio rahisi. Katika Premiere, fundi anaweza kuchagua kazi ifanywe bila kadi ya grafiki. Video ikitoka vizuri, ijapokuwa polepole, basi wa kushukiwa ni kadi ao draiva yake.

Draiva mpya inapatikana bure kwa mtengenezaji mwenyewe: NVIDIA, AMD, Intel, ao kampuni iliyounda kompyuta. Tangu 2019, NVIDIA inatoa draiva za Studio kwa watu wa montaji, mbali na zile za michezo. Zile programu zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa mara moja ni za kukwepa. Kuna zinazoleta matangazo na hata virusi.

Wengine watasema intaneti ni ghali. Ni kweli: faili moja ya NVIDIA inaweza kupita megabaiti 500. Lakini studio za kartie moja zenye kadi za aina moja zinaweza kuchanga, kupakua mara moja, na kupitisha faili kwa flashi. Na isiwekwe katikati ya kazi ya mteja. Ikileta matatizo, Windows inaruhusu kurudia ile ya mbele.

Draiva haiponyeshi kila ugonjwa. Kadi za NVIDIA za kizazi cha Kepler, kama GeForce 600, ziliacha kupata draiva mpya za kawaida mwaka 2021. Kwa hiyo, anayenunua kompyuta ya okazio aulize jina la kadi kabla ya kutoa pesa.

Mteja hajui draiva ni nini. Anajua tu siku aliyoahidiwa. Fundi anayetaka kuheshimiwa aanze kwa kutafuta kosa, ndipo afute.