Kari ya mboga ya India ni ipi hasa?

Anayetafuta "kari ya mboga" moja ya India atarudi mikono mitupu. Majiko ya nyumbani kule hutofautiana kuanzia mafuta.

Bengal hupikia mafuta ya haradali. Yakishika moto, hutupiwa mbegu tano nzima kwa pamoja: uwatu, habasoda, bizari nyembamba, haradali na shamari. Zinapasuka, harufu inatanda, ndipo mboga zinaingia. Mlo wa mchana hufunguliwa na shukto, mchuzi mwepesi wenye karela. Wageni wengi husogeza bakuli pembeni kwa sababu ya ule uchungu, na wanakosa kitu kizuri mno.

Kerala ni nazi, nyama yake na mafuta yake. Katika aviyali, mronge, ndizi mbichi na boga hukatwa virefu kama vidole, vikakolezwa nazi iliyosagwa na mtindi.

Gujarat wana undhiyu ya majira ya baridi, jina linalotokana na neno la kupindua. Vyungu vilivyojaa bilinganya changa, maharage mabichi na viazi vikuu hufukiwa vikiwa vimefudikizwa, moto ukawashwa juu. Wajaini, wafuasi wa dini ya Ujaini wasiokula vya mizizini, huweka ndizi mbichi badala ya viazi.