Kabla ya goli kuna sakafu

Wiki hii naomba tuyaweke kando mapenzi na mitindo. Niko Dakawa, wilaya ya Mvomero, barabara ile ya Morogoro kwenda Dodoma, na nina habari ya mpira. Wewe dada, usifungue ukurasa mwingine, inakuhusu.

Jioni nafundisha wasichana futsal. Ndiyo mdudu gani huyo? Ni ndugu yake chandimu, ila huyu ana sheria. Watano kwa watano, kipa akiwemo. Kiwanja mita 40 kwa 20, kila kipindi dakika 20, kubadilisha wachezaji ruksa hata mara mia. Mpira ukitoka unaurudisha kwa mguu ndani ya sekunde 4, ukizubaa wanapewa wenzako. Mpira wenyewe ni namba 4, haudundi sana. Sisi huo hatuna, tunachukua wa kawaida tunautoa upepo kidogo, maisha yanaendelea.

Na kiwanja je? Sakafu ya saruji ya kuanikia mpunga, kwenye mashine moja ya kukoboa. Si unajua tena, Dakawa ni mpunga. Magoli ni matofali. Ukianguka, goti halikusamehe.

Kimbembe cha kwanza kilikuwa kwa wazazi. Kipa wangu, binti wa kidato cha pili mwenye mikono kama sumaku, alipotea wiki nzima. Nikaenda kwao. Shikamoo mama, marahaba. Halafu mama akanipima kuanzia viatu mpaka nywele.

"Hivi wewe kijana, unakusanya watoto wa kike jioni jioni, unawataka nini?"

Jasho jembamba likanitoka. Lakini jamani, mama alikuwa na haki. Tumesikia mangapi? Nikamwambia, mama, njoo ukae pale uone mwenyewe. Tunaanza saa kumi, na kabla ya giza kila mtu yuko kwao. Kesho yake akaja na kigoda na karanga zake za kuuza. Sasa hivi nikizidisha dakika tano, yeye ndiye refa wangu.

Sasa sikia hii. Aprili 2025 dada zetu wa timu ya taifa walikwenda Rabat, Morocco, kwenye Kombe la Afrika la kwanza la futsal ya wanawake. Wakafika fainali! Wenyeji wakatufunga 3-2, lakini tiketi ya Kombe la Dunia la kwanza tukawa nayo mkononi. Novemba mwaka huohuo wakatua Ufilipino, timu 16 tu dunia nzima, na Tanzania imo. Hatukuvuka makundi, kombe likaenda Brazil. Lakini tulikuwepo, bwana.

Niliwasimulia wasichana wangu. Kipa akauliza, "Kocha, wale walijifunzia sakafu gani?"

Nikakosa jibu.

Maana Bongo tunajua kushangilia. Mwaka 2023 Rais Samia alianza kutoa milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga kwenye mechi za Afrika. Safi sana, wala sina ugomvi. Ila fedha ya namna hiyo inakuja nyavu zikishatikisika. Nani analipia mahali binti anapojifunzia kupiga shuti la kwanza?

Msimu wa mavuno ukifika, sakafu yetu inafunikwa mpunga. Mwenye mashine simlaumu, ndiyo ugali wake. Tukienda uwanja wa vumbi wa kijiji, tunaambiwa subirini wakaka wamalize. Wakaka wanamaliza giza limeingia, na giza ndilo nililomuahidi yule mama kwamba sitalifikia. Kwa hiyo wasichana wanakaa nyumbani wiki kadhaa. Wakirudi, tunaanza moja, na kila mara wawili watatu hawarudi kabisa.

Nilimpelekea ombi mkubwa mmoja, nikimwomba sakafu moja tu ya saruji shuleni. Akacheka, akasema, "Leteni kombe kwanza." Nikabaki namtazama. Ni sawa na kumwambia mkulima alete mchele kwanza ndipo apewe mbegu!

Wakubwa, sakafu moja haitafilisi mtu. Ichorwe mistari, asubuhi icheze netiboli, jioni futsal. Uwekwe na utaratibu wa wasichana kuanza mapema, tusigombanie jua na wakaka. Hayo mamilioni ya magoli tutayadai baadaye.

Na wewe dada unayesoma huko mjini, kama mtaani kwenu kuna sakafu tupu, tafuta wenzako wanne na matofali manne. Mama mwambie ukweli, tena mwite aje na kigoda.

Haya, tukutane wiki ijayo. Mimi nawahi, saa kumi hiyo.