Gazeti la umma lisiishie mjini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako ili nami nitoe maoni yangu juu ya magazeti ya Serikali. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, mkoani Katavi, nafundisha Kiswahili.

Vijana wengi hawajui kwamba kampuni inayotoa HabariLeo ilitokana na gazeti la kikoloni. Tanganyika Standard lilianza Dar es Salaam mwaka 1930, likiwa ndugu wa East African Standard la Nairobi. Hata baada ya Uhuru lilibaki mikononi mwa wageni, mwishowe likawa la kampuni ya Lonrho. Tarehe 5 Februari, 1970, Mwalimu Nyerere alilitaifisha.

Kwangu mimi, kubwa kuliko utaifishaji wenyewe ni agizo lililoambatana nao. Gazeti lilitakiwa liwe la wananchi, liunge mkono Ujamaa, lakini liwe na uhuru wa kukosoa. Rais mwenyewe akawa Mhariri Mkuu, na kazi ya kila siku akapewa Bi. Frene Ginwala, mzaliwa wa Afrika Kusini. Uhuru huo ulikuwa na mpaka wake: Bi. Ginwala aliondolewa mwaka 1971 baada ya tahariri iliyomlaumu Rais Nimeiry wa Sudan kwa kuwaua wakomunisti. Mwaka 1972 gazeti hilo liliunganishwa na The Nationalist la TANU, likawa Daily News, chini ya Ndugu Benjamin Mkapa.

Sasa nauliza: gazeti hilo la wananchi liliandikwa kwa lugha gani? Kiingereza! Mkulima aliambiwa ni lake, asiweze kulisoma. Kwa Kiswahili alikuwa na Uhuru, la Chama, na Ngurumo, la mtu binafsi, ambalo lilikufa mwaka 1976. Na huo ndio wakati kisomo cha watu wazima kilipopamba moto. Mwaka 1967 waliojua kusoma walikuwa kama theluthi moja tu ya watu wazima. Kufikia 1986 Serikali ilisema ni 9 katika kila 10. Wananchi walikuwa wamekwisha kujua kusoma, gazeti la Serikali bado linazungumza na maofisa. HabariLeo lilikuja mwaka 2006, miaka 36 baada ya kutaifisha! Watakaosema Uhuru lilitosha wakumbuke kwamba gazeti la Chama si gazeti la umma, na vyama vingi tunavyo tangu 1992.

Basi lugha tumeipata, umbali haujaisha. Gazeti hufika Mpanda mjini. Kijijini kwetu huja likiwa limefungia maandazi. (Nami hulikunjua nikalipeleka darasani, maana kwa mtoto ambaye hajawahi kushika gazeti, habari ya mwezi uliopita ni mpya kabisa.) Tunaambiwa siku hizi gazeti lipo kwenye simu. Simu ninayo, lakini darasa zima haliwezi kusoma simu moja.

Na habari zenyewe je? Magazeti yetu huikumbuka Katavi kiongozi anapokuja kufungua mradi. Mkulima wa tumbaku anayengoja malipo, tembo wanaotoka hifadhini na kumaliza mahindi, mwalimu anayeshika madarasa mawili kwa wakati mmoja, hayo huandikwa mpaka mkubwa ayataje jukwaani. Mwandishi huja na msafara na huondoka na msafara.

Naomba wahusika wafikirie mambo mawili. Nakala zisizouzwa zipelekwe katika shule za vijijini, hata zikiwa za wiki iliyopita, kupitia ofisi za elimu za wilaya. Pili, uwepo ukurasa mmoja kila wiki wa barua za wanavijiji, na barua zenye malalamiko zisichujwe hadi zikabaki zile za kushukuru tu. Agizo la mwaka 1970 liliruhusu zaidi ya hapo.

Mwalimu wa Kijijini,
Mpanda, Katavi.