Rejista ya kliniki ifunguliwe kutoka mbali, lakini isiachwe wazi

Miaka michache iliyopita alinijia mama mmoja kijana akiwa na mimba ya wiki kumi na moja ambayo hakuitarajia kamwe. Alikuwa ametiwa kipandikizi cha kupanga uzazi katika kliniki ya shirika moja la hisani mtaani, na aliamini amejikinga. Jambo ambalo hakuna aliyemweleza ni kwamba dawa za kifua kikuu alizokuwa akimeza, alizopewa katika kliniki nyingine ya shirika lilo hilo, zina rifampisini. Dawa hiyo hupunguza nguvu za homoni zilizomo katika kipandikizi.

Kliniki hizo mbili zilitenganishwa na safari fupi ya matatu. Kila moja ilikuwa na kompyuta yake na rejista yake, na muuguzi wa huku hakuweza kuona alichoandika mwenzake wa kule. Mimi nami nilikuwa nikijitolea katika shirika hilo siku za Jumamosi, kwa hivyo lawama hii siikwepi.

Baada ya kisa hicho iliamuliwa kwamba rejista ziunganishwe. Akaletwa kijana mmoja hodari wa kompyuta, na kwa muda wa siku mbili tu akaiwezesha kompyuta ya ofisi kuu kufunguliwa kutoka kliniki yoyote, hata kutoka nyumbani. Tulifurahi sana. Wafanyakazi wote walitumia jina moja na neno moja la siri, lililoandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa kando ya skrini ili asisahau mtu.

Furaha hiyo haikudumu. Mama mwingine, aliyekuwa akitumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, alikuja akilia. Majirani walikuwa wamepata kujua habari yake, hata tarehe aliyopimwa. Tulipochunguza tuligundua kwamba karani aliyekuwa ameacha kazi miezi kadhaa awali bado angeweza kuifungua rejista popote alipo. Je, ni yeye aliyeitoa siri hiyo? Hatukuweza kumshtaki wala kumwondolea shaka. Kompyuta ilionyesha tu kwamba rejista ilifunguliwa na mtu aitwaye "kliniki", na sote tulikuwa "kliniki". Mama huyo hakurudi tena kwetu.

Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mgonjwa humwambia mhudumu wa afya mambo asiyomwambia hata mumewe, na akikosa imani hasemi, na asiposema hatibiwi. Kwa sababu hii naona kwamba kuiweka rejista ya pamoja ni sehemu ya matibabu, na haifai kuachiwa mtu yeyote tu anayejua kubonyeza vitufe.

Wako watakaosema afadhali turudi kwenye madaftari. Sikubaliani nao. Mgonjwa wa kawaida wa kifua kikuu hutibiwa kwa miezi sita, na katika miezi hiyo mkazi wa mjini huweza kuhama nyumba na kubadilisha kliniki. Daftari lililofungiwa kabatini halimfuati. Tena sisi Wakenya si wageni wa kazi hii. Mnamo mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Kutokana na tajriba hiyo walizaliwa wazo na mpango wa OpenMRS ulioanza mwaka 2004, ambao programu yake haitozwi ada ya leseni. KenyaEMR, inayotumiwa katika vituo vingi vya humu nchini, imejengwa juu ya programu hiyo.

Basi kosa letu lilikuwa nini? Kwanza ni njia tuliyochagua. Kuifungua kompyuta ya ofisi moja kwa moja kwenye intaneti ni sawa na kuweka mlango wa stoo ya dawa ukitazama barabara kuu. Wezi wa mitandao wana programu zinazozunguka usiku na mchana zikitafuta milango ya namna hiyo na kubahatisha maneno ya siri. Wakiingia huweza kuyafunga mafaili yote, kisha wakadai fidia.

Yako mashirika mengine yanayoweka faili la rejista mahali pamoja, kila kliniki ikalifungua kupitia mtandao. Faili la namna hiyo lilitengenezwa kutumiwa ndani ya ofisi moja. Mtandao ukikatika katikati ya kuandika, huweza kuharibika lote. Wengine hupelekeana nakala kwa kifaa cha kubebea mafaili au kwa barua pepe, na mwishowe kuna rejista tano zisizokubaliana.

Njia iliyo salama zaidi ni kutumia programu iliyotengenezwa kufunguliwa kwa intaneti, ikiwa kwenye seva inayotunzwa na watu wenye ujuzi, ambapo stima ikipotea katika ofisi kuu kliniki nyingine haziachwi gizani. Kama ni lazima rejista ikae ofisini, ifikiwe kupitia njia ya faragha iliyofichwa ndani ya intaneti, isiyoonekana na wapita njia.

Pili ni funguo. Kila mfanyakazi awe na jina lake na neno lake la siri, pamoja na uthibitisho wa pili, kama vile nambari ya mara moja inayotokea kwenye simu yake. Hakuna anayebandika nambari yake ya siri ya M-Pesa ukutani. Mbona abandike ya wagonjwa? Karani wa mapokezi aone miadi, asione majibu ya maabara. Na mtu akiacha kazi, ufunguo wake ufutwe siku hiyo hiyo, kabla hajapewa barua yake.

Tatu ni utunzaji. Mnamo Mei 2017 programu hasidi iitwayo WannaCry iliingia katika kompyuta za hospitali nchini Uingereza, ikaathiri taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 za huduma ya afya ya umma katika England, na wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Dawa ya ugonjwa huo, yaani marekebisho ya usalama, ilikuwa imetolewa miezi miwili awali. Fauka ya hayo, nakala ya rejista iwekwe mahali pasipounganishwa na mtandao, na mara kwa mara ijaribiwe ionekane kama kweli inafunguka.

Hapa ndipo ninapowalaumu wafadhili. Wengi wako tayari kununua kompyuta kumi na kupigwa picha wakizikabidhi, ilhali ada ya seva ya kila mwezi na mshahara wa fundi havimo katika bajeti. Kompyuta isiyo na matunzo ni kama jokofu la chanjo lisilo na stima.

Wala hili si suala la hiari. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, na zikivuja kwa njia inayoweza kumdhuru mwenyewe, mhusika anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data katika muda wa saa 72. Udogo wa shirika haufuti haki ya mgonjwa wake.

Nawe msomaji unayetibiwa katika kliniki hizi, una haki ya kuuliza: ni nani anayeweza kuiona rekodi yangu? Je, mnaweza kujua ni nani aliyeifungua? Mwenye kliniki akikosa jibu, asikukasirikie, bali aende akalitafute.

Yule mama wa kwanza alimaliza dawa zake, akapona, na alijifungua salama. Huyo wa pili ningali ninamfikiria, kwani sijui kama alipata mahali pengine pa kuchukua dawa zake, au aliogopa tu akaacha.