Katika makambi ya wahami, ampli ndogo inatosha

Katika makambi ya wahami wa vita, kuanzia Bunia hadi Uvira, kuna vijana wenye gitaa na sauti nzuri ambao hawapigi muziki. Wakiulizwa sababu, jibu ni moja: hakuna sono. Wanangoja siku ambayo shirika fulani litaleta sherehe, na pamoja nayo jukwaa, bafle kubwa na jenereta. Siku hiyo huja kwa nadra, ama haiji kabisa. Wakati huo wote gitaa linaning'inia kibandani, na watoto waliozaliwa kambini wanakua bila kusikia nyimbo za kijiji cha wazazi wao.

Kungoja huko si lazima. Kwa watu hamsini waliokaa pamoja chini ya turubai, ampli ndogo ya wati 10 ama 15 inatosha. Wengi hudhani kwamba ampli ya wati 100 inalia mara 10 zaidi ya ile ya wati 10. Sivyo. Nguvu ikiongezwa mara 10, sikio la mtu husikia sauti iliyopanda karibu mara 2 tu. Kinachopanda kweli ni bei, uzito na mafuta ya jenereta.

Na hapo ndipo pesa za vijana zinapoishia. Wakikodi sono, mwenye sono analipwa, muuza mafuta analipwa, na aliyeimba anarudi nyumbani mikono mitupu. Ampli ndogo hubebwa kwa mkono mmoja. Kuna zinazotumia betri ndogo kama za redio, na kuna zinazokubali betri ya volti 12 iliyochajiwa mchana kwa paneli ya jua. Familia iliyohama mara mbili ama tatu inajua thamani ya kitu kinachobebeka. Risasi zikisikika, hakuna anayekimbia na bafle kichwani.

Kuna sababu kubwa kuliko pesa. Kambini, kibanda na kibanda vinatenganishwa na turubai tu. Huyu ana mgonjwa, yule amefiwa juzi, mwingine ana mtoto mchanga. Tena, mahali penye usalama mdogo watu hulala sikio wazi. Sono kubwa usiku inaweza kufunika mlio wa risasi ama sauti ya jirani anayeomba msaada. Muziki wa kuwafariji watu haupaswi kuwanyima nafasi ya kusikia hatari.

Wapo wanaosema kwamba seben haichezeki bila kishindo. Lakini muziki wa Kongo haukuanza na bafle. Mwaka 1952, kule Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean-Bosco akiwa na gitaa lisilo na umeme na maneno ya Kiswahili. Muziki wake ulivuka mipaka hadi Afrika Mashariki. Kinshasa, Mawangu Mingiedi wa kundi la Konono N°1 alitumia sumaku za vipande vya magari makuukuu kutengeneza mikro za likembe zake. Hakungoja vyombo vya Ulaya.

Ni kweli kwamba ampli ndogo ina mipaka yake. Ngoma ikipigwa kwa nguvu zote, gitaa halitasikika. Basi mpiga ngoma apunguze mkono. Gitaa la besi lisiunganishwe kwenye ampli ndogo ya gitaa, maana linaweza kupasua spika yake. Ampli iwekwe juu ya kiti, ielekezwe kwenye masikio ya watu, isiwekwe chini ambapo miguu ya waliokaa mbele inameza sauti. Ikianza kukwaruza, irudishwe chini kidogo. Na siku ya uwanja mzima wa watu, mikro iwekwe mbele ya ampli hiyohiyo na kuunganishwa na sono. Hata hapo, ampli ndogo haijapoteza kazi.

Kwa hiyo mashirika yanayofadhili sherehe za siku moja yangefanya vema kubadili hesabu. Pesa za kukodi sono mara chache zingeweza kununua ampli ndogo na betri yake, vikabaki mikononi mwa vijana wa kambi. Viongozi wa kambi nao wana kazi: kukubaliana na wakaaji juu ya mahali pa kupigia na saa ya kunyamaza.

Mama aliyeacha shamba lake hatarudishiwa na wimbo. Lakini jioni moja akiusikia wimbo wa kwao, kila neno likimfikia wazi, ataweza kumwambia mtoto wake: huu ndio tuliokuwa tunaimba wakati wa mavuno. Kwa jioni kama hiyo, wati 10 hazipungui.